Besiboli Sina Haja Nayo, Lakini Mnada Wao Nautaka

Agosti ikifika kila msee mtaani ni kocha. Unaingia FPL, unapewa pauni milioni 100, unachagua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Halafu unafungua timu ya jirani yako kwa ligi ya mbogi, unapata ni kama mliibiana mtihani. Haaland yuko. Salah yuko. Yule difenda wa bei rahisi ambaye kila mtu aliambiwa amchukue pia yuko. Msimu wa 2024/25 Salah alimaliza na pointi 344, rekodi ya huo mchezo, na karibu kila mtu kwa ligi yetu alizipata dakika ile ile. Sasa hapo nani alimshinda nani?

Mimi nasema tuwache hiyo maneno. Mwaka huu tufanye mnada, na tusiibe mbinu kwa Waingereza. Tuwaibie Wamarekani wa besiboli.

Najua unachotaka kusema. Besiboli, mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa kofia tu. Ile kofia ya NY uliyotoa Gikomba ni ya timu inaitwa Yankees, na hujawahi kuona hata mechi yao moja. Sawa. Huhitaji kuipenda besiboli ndiyo uelewe walichofanya hawa watu. Mimi mwenyewe mechi nzima naona ndefu. Lakini mnada wao nimeusoma hadi usiku wa manane, na kadiri ninavyousoma ndivyo FPL inazidi kuonekana kama mchezo wa watoto waliogawiwa biskuti sawasawa ili wasilie.

Kitu yenyewe ilianza New York mwaka wa 1980. Mwandishi na mhariri mmoja, Daniel Okrent, na marafiki zake walikuwa wanakutana kwa mkahawa unaitwa La Rotisserie Française. Wakaunda ligi ya timu za kufikirika: unamiliki wachezaji kwa karatasi, wao wanacheza mechi zao za kweli, na unachokusanya ni takwimu zao. Ndiyo maana hadi leo aina hiyo ya fantasi inaitwa Rotisserie. Hakukuwa na intaneti, hakukuwa na programu ya kukupigia pointi ukiwa kwa mathree. Takwimu walizitoa kwa gazeti na hesabu wakapiga wenyewe. Okrent ndiye alibuni kipimo cha WHIP, ambacho kinaonyesha mrushaji anaruhusu wapigaji wangapi kufika kwa bezi kila awamu, na leo watangazaji wa mechi za kweli wanakitaja kama kilizaliwa na mchezo. Kitu cha marafiki wakila chakula cha mchana kikaingia ndani ya mchezo wenyewe. Na utamu wa stori ni huu: ligi aliyoianzisha Okrent, yeye mwenyewe hajawahi kuibeba.

Walichofanya cha maana siku hiyo ni kukataa kugawana wachezaji kwa zamu.

Fikiria bale likifunguliwa Gikomba alfajiri. Aliyesimama karibu anaokota kamera zote, wewe uliyekwama kwa jam ya Jogoo Road unabaki na sweta ya mtu aliyekuwa na mikono mitatu. Kuchagua kwa zamu ni hivyo. Namba moja anachukua mchezaji bora duniani juu karatasi yake ilitoka ya kwanza kwa kofia. Hakufanya kazi yoyote. FPL pia iko na ligi yake ya zamu tangu 2017, ambapo mchezaji anakuwa wa mtu mmoja tu kwa ligi yenu, na ni afadhali kuliko ile ya kawaida, lakini bado bahati ya foleni ndiyo inaamua.

Kwa mnada hakuna foleni. Ligi ya kawaida ya Rotisserie iko na timu 12, na kila timu inapewa dola 260 za kununua wachezaji 23, wapigaji 14 na warushaji 9. Hizo dola ni za mchezo, msinitumie ujumbe kwamba naleta beti huku. Jina moja linatajwa, bei inaanzia dola 1, na yeyote kwa hiyo meza anaweza kupandisha. Tuseme ni Shohei Ohtani, ambaye mwaka wa 2024 alipiga homurani 54 na akaiba bezi 59, kitu hakuna mtu aliwahi kufanya kwa msimu mmoja. Wote 12 mnamtaka. Wote 12 mnaweza kumpata. Swali ni moja tu: uko tayari kukosa nini ili umpate?

Hapo ndipo FPL inakufa kwa mjadala huu. FPL bei imeandikwa na mtu ambaye hujawahi kumwona. Unailipa au unaondoka. Kwa mnada, bei haipo mpaka wewe na wenzako muiseme kwa mdomo. Ohtani si wa dola 50 juu kuna mtu ofisini aliamua. Ni wa dola 50 juu kuna watu wawili kwa chumba walifika 49 na mmoja akapumua akaongeza moja.

Na ukimaliza kumnunua kwa 50 umebaki na 210 za watu 22. Hesabu inaanza kukuuma kutoka hapo. Kila nafasi iliyo wazi lazima ibakiwe na angalau dola 1, kwa hivyo ukiwa na dola 60 na nafasi 11, bei ya juu kabisa unayoweza kutaja ni 50. Wajanja wanapiga hesabu hiyo ya kila mtu mezani, si yao pekee. Wakiona umebaki na uwezo wa 12, wanakutajia 13 bila huruma.

Kuna ujanja mwingine ambao ulinifanya nicheke peke yangu. Zamu yako ya kutaja jina ikifika mapema, usitaje unayemtaka. Taja mchezaji maarufu usiyemhitaji, wenzako wawashe moto, wachome pesa zao, wewe ukiwa umekunja mikono. Yule unayemtaka kweli unamwacha hadi saa ya tatu, watu wakiwa wamechoka na mifuko imetoboka, halafu unamtaja kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Kuna watu wanajenga timu nzima hivyo. Wengine wanalipa mastaa wanne pesa karibu yote, kisha wanajaza nafasi zilizobaki na wachezaji wa dola moja moja. Mchambuzi mmoja mkubwa wa hii michezo, Ron Shandler, alikuwa na mpango wa kutumia kama dola 60 tu kwa warushaji na zile 200 zote kwa wapigaji. Mpango wenyewe unaitwa LIMA. Naapa sijatunga. Ni vifupisho vya Kiingereza na hajui Kiswahili, lakini ukifikiria, ni kweli anakwambia chukua jembe utafute warushaji kwa udongo badala ya kuwanunua wakiwa wamepakwa rangi.

Sasa, hayo yote ni mnada wa siku moja. Kilichoniteka mimi ni kipindi ambacho hakuna mechi.

Msimu wa besiboli unaisha mwanzoni mwa Novemba na kuanza tena mwisho wa Machi. Katikati hapo uwanja ni barafu. Mtu wa FPL Mei ikiisha anafuta programu, Agosti anarudi na timu mpya kabisa kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Lakini ligi nyingi za mnada za besiboli haziruhusu kusahau. Unaruhusiwa kubakisha wachezaji wachache kwa mwaka unaofuata, kwa bei ile ile uliyowanunulia au iliyoongezwa kidogo. Hapo sasa ule mnada wa mwaka jana unakufuata kama deni la Fuliza. Au kama shamba ulilonunua mapema.

Chukua Paul Skenes. Mwaka wa 2024 mwanzoni alikuwa kijana mrushaji ambaye hajagusa ligi kuu. Akapandishwa Mei, akamaliza msimu kwa wastani wa kuruhusu mikimbio 1.96, akatajwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Tuseme wewe Machi ulimtaja kwa dola 5 watu wakakucheka. Sasa ni msimu wa baridi, kila mtu anajua thamani yake ni mara tano au sita ya hiyo, na bado unamlipa dola 5. Ile tofauti ni yako. Hukuipata kwa bahati ya namba. Uliipata juu ulisoma kuhusu mtu kabla ajulikane na ukaweka pesa yako hapo mbele ya watu.

Halafu kuna upande wa pili, wa uchungu. Ronald Acuña Jr. mwaka wa 2023 alipiga homurani 41 na kuiba bezi 73. Machi 2024 kila chumba cha mnada kilimgombania. Mei akaumia goti, msimu ukaisha. Goti la pili hilo, lile lingine aliliumia 2021. Sasa kaa na swali: umemshika kwa bei kubwa, unabakisha au unamrudisha kwa mnada? Ukimbakisha na asikimbie tena kama zamani, umefunga pesa nyingi kwa jina. Ukimwachilia na apone, utamtazama msimu mzima akiwa kwa timu ya mtu unayemchukia. Hakuna mtu atakuambia jibu. Hiyo Desemba yote unasoma habari za goti la mtu aliye Atlanta.

Na habari zenyewe zinabadilika kila wiki, juu kipindi hicho ndicho wachezaji wa kweli wanahama. Desemba 2024 Juan Soto alikubali miaka 15 na Mets kwa dola milioni 765. Akihama uwanja, thamani yake ya fantasi inahama pia. Mpigaji akienda Denver, kwa mfano, anakuwa mali zaidi, juu mji uko mita kama 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. (Nairobi tuko juu zaidi ya hapo, karibu 1,800. Kama kuna mtu ana uwanja na pesa, idea ndiyo hiyo.)

Nifike kwa sehemu ambayo wengi wanaikimbia juu ina hesabu. Msikimbie, ni hesabu ya duka.

Timu 12 mara dola 260 ni dola 3,120 kwa chumba. Mwaka wa kwanza pesa yote hiyo inanunua wachezaji wote 276, inalingana. Mwaka wa pili kila timu inabakisha wachezaji wanne, jumla 48. Tuseme hao 48 wanalipwa dola 500, lakini thamani yao ya kweli ni 1,000, maana kila mtu anabakisha aliyemnunua rahisi, si ghali. Kwa chumba kumebaki pesa 2,620. Bidhaa iliyobaki ni ya thamani ya 2,120 tu. Pesa ni nyingi, vitu ni vichache. Gawanya, unapata kila kitu kimepanda kwa karibu asilimia 24. Mchezaji ambaye orodha ya mtandaoni inasema ni wa dola 40 atauzwa 49, na atakayeshangaa ni yule aliyekuja na orodha ya mtandaoni.

Unaijua hiyo hali. Ni nauli ya kwenda ushago tarehe 23 Desemba. Kiti ni kile kile, gari ni lile lile, lakini viti vingi vimeshikwa na watu walionunua tiketi mapema, na wewe uliyebaki stendi na bonasi mfukoni mnagombania vilivyobaki. Yule aliyekata tiketi Novemba ndiye aliyebakisha Skenes kwa dola 5.

Niliwacha chuo mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilikaa kwa somo la uchumi muhula mzima, mwalimu anachora mstari unapanda na mwingine unashuka, na mahali inapokutana anaandika "bei". Sikuwahi kuelewa ni nani hasa anayeisukuma hiyo mistari. Nilielewa siku niliyosoma kuhusu hii kitu ya asilimia 24. Ni watu. Ni watu wenye pesa iliyobaki na hofu ya kukosa.

Na hii si mchezo tu kwangu, nitawaambia kwa nini. Kila mtu anayefanya kazi ya kontenti anajua ule ujumbe: "Hi, tumependa kazi yako, rate yako ni ngapi?" Hapo ndipo mtu anaganda. Anauliza marafiki. Anataja elfu tano na anaongeza "lakini tunaweza ongea". Kampuni inakubali ndani ya sekunde mbili, na ukiona wamekubali haraka hivyo ujue uliwapea zawadi. Kizazi chetu tumekulia kwa bei zilizoandikwa na wengine. Karo imeandikwa, nauli anaitaja makanga, na mshahara wa kibarua unaambiwa siku ya kwanza, ukikataa kuna mia moja nje. Ni wapi umewahi kufanya mazoezi ya kusema kitu ni cha ngapi, kwa sauti, na mtu aliye mbele yako ana haki ya kukupinga kwa pesa yake?

Watu wa mnada wana tabia moja ambayo nimeiiba tayari. Kabla ya kuingia kwa chumba unaandika bei yako ya mwisho ya kila jina. Si bei unayotumaini, ni ile ambayo ikipitwa hata na dola 1 unanyamaza na unamwacha aende. Unaandika ukiwa nyumbani, umetulia, umekula. Juu ukiwa ndani, moto umewaka na kuna msee anakucheka, utasema chochote. Sasa hivi kampuni ikiniandikia sijibu siku hiyo. Naandika namba zangu kwa karatasi kwanza, ya juu na ya chini kabisa. Karatasi moja bado imebandikwa kwa ukuta.

Haya, mabaya yake. Yapo, na mojawapo si dogo.

La kwanza ni muda. Mnada wa ana kwa ana unakula masaa mengi, na kwa Wakenya ongeza mawili ya kungojea watu wanaosema wako Ngara na wako kitandani. Dawa yake wameshaipata: mnada wa polepole, ambao ligi nyingi zinaufanya wakati huo huo wa baridi. Majina machache yanawekwa kila siku, unaandika dau lako, na lisipopitwa kwa masaa yaliyokubaliwa, tuseme 24, mchezaji ni wako. Unaweza kuendelea wiki kadhaa. Hauhitaji kamera wala bandoli kubwa, maandishi tu yanatosha.

La pili ni kwamba anayebakisha vizuri anaweza kukaa juu miaka. Mtu ana Skenes kwa dola 5 milele, wengine mnafanya nini? Kuna mchezo mmoja, Ottoneu, ambao jibu lake nalipenda sana. Kila timu iko na wachezaji 40 na dola 400, na kila mwaka mshahara wa kila mchezaji aliyecheza ligi kuu unapanda dola 2 hata kama hutaki. Zaidi ya hapo, wakati wa mapumziko wapinzani wako wanapewa pesa za kupandisha mishahara ya wachezaji wako. Yaani maadui wanakaa chini kuamua ni nani uliyempata rahisi sana, na wanakupandishia. Uchawi mtupu, lakini uchawi wa haki. Kitu kizuri hakibaki rahisi mkononi mwako milele.

La tatu ndilo linaua ligi. Mtu akijua Julai kwamba hawezi kushinda, anauza mastaa wake wote kwa aliye juu, ili apate vijana wa bei rahisi wa mwaka ujao. Kwake ni akili. Kwa wengine kumi ni wizi, maana bingwa ameamuliwa na mtu aliyekata tamaa. Bila sheria ya kuzuia hiyo, kama kikomo cha mishahara katikati ya msimu, ligi yenu itavunjika na urafiki pia. Nasema hili kwa nguvu juu najua mbogi yetu.

Na kuna la mwisho, ambalo mwanadada mmoja wa kikundi chetu alilisema na chumba kikanyamaza. Alisema: "Kwa nini neno ni mnada?"

Hana makosa. Pwani yetu inajua mnada wa watu ni nini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, na mahali lilipokuwa sasa kuna kanisa. Wamarekani wana historia yao ya hiyo kitu, na iliwarukia usoni Agosti 2017, pale ESPN iliporusha kipande cha utani cha mnada wa fantasi, umati mkubwa ukiwa wa wazungu, na mmoja wa waliotajiwa bei akiwa Odell Beckham Jr., mchezaji mweusi wa futiboli yao. Watu waliwaka. ESPN ikaomba msamaha, na siku hizi haitumii neno mnada kwa mchezo huo, inasema kitu kama uchaguzi wa kikomo cha mishahara.

Wengine waliona ni kuzidisha. Mimi sioni hivyo. Kinachonunuliwa ni takwimu, ni kweli, na hata mahakama ilisema hivyo kwa njia yake: mwaka wa 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kampuni za fantasi zinaweza kutumia majina na takwimu za wachezaji wa besiboli bila leseni, na 2008 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiza rufaa. Lakini angalia vizuri hiyo maana yake. Jasho la mtu linageuka namba, namba inageuka mali ya kila mtu, na mwenye goti haulizwi. Nikisema "nimemuuza Acuña, ni takataka", nimesema kuhusu binadamu aliye kwa hospitali. Ligi yetu itabaki na neno mnada, juu mnada wa chai Mombasa pia ni mnada na hakuna aliyeumia. Lakini tunanada mkataba, hatunadi mtu. Ukisema "nimemnunua fulani" unatozwa shilingi 1 ya mchezo. Mwanadada mwenyewe ndiye atashika kitabu cha faini, amekubali.

Sheria zingine ndizo hizi, nimezitoa kwa besiboli nikazivalisha jezi ya Premier League. Watu 10. Kila mtu shilingi 200 za mchezo, wachezaji 15, dau la chini shilingi 1. Hakuna Haaland wawili. Mei tukimaliza, unabakisha watatu, kila mmoja akiongezwa shilingi 5, na kabla ya Julai kuisha kila mtu anapata shilingi 6 za kupandishia wachezaji wa wengine, si zaidi ya 2 kwa mtu mmoja. Baada ya Februari hakuna kubadilishana. Mnada wa kwanza ni wa polepole, unaanza wiki ya mwisho ya Julai, majina matano kila jioni saa mbili, dau likikaa masaa 24 limefunga.

Anayetaka kuweka mtu wa kumwekea dau akiwa kazini, aandike jina la huyo mtu mapema. Anayejua atalala, asijiunge. Saba wameshathibitisha, nafasi zimebaki tatu, na tafadhali, yule mwenye orodha ya bei ya mtandaoni aje nayo, tunamhitaji sana.